Forester SG5 imeishiwa nguvu: turbo ya mtumba, kubadili katriji, au mpya ya Kichina?

mpanda_kitonga
Wakuu habari za jioni. Nina Subaru Forester ya turbo (ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini), imeishiwa nguvu. Fundi kasema turbo imekufa, kanipa machaguo matatu: mtumba wa Japani laki saba, kubadili katriji (kiini chenye shafti na mapanga) ya hii hii laki nne na nusu, au mpya ya Kichina laki tisa na nusu. Anataka jibu kesho asubuhi, na Jumamosi napandisha Iringa na familia. Ipi itadumu?

bomba_chuma
Mkuu, Forester turbo zipo nyingi. Toleo gani, SF5, SG5 au SG9? Injini gani? Taa ya injini imewaka? Inatoa moshi? Oili inapungua? Na huko kuishiwa nguvu kukoje: inavuta kivivu toka chini mpaka juu, au inavuta vizuri halafu inakata ghafla kama mtu kaishika kwa nyuma? Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa.

Zainabu_XT
Na je, hiyo turbo umeiona kwa macho yako ikiwa imekufa, au umeambiwa tu? Fungueni mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, ingiza vidole viwili ushike nati iliyo katikati ya mapanga. Ikiyumba kidogo kushoto na kulia usishtuke, injini ikiwa imezimwa hamna presha ya oili ya kuishika shafti. Ila ukiivuta mbele na nyuma ikacheza, au mapanga yamekwaruza nyumba yake, hapo ndipo tuzungumze habari ya kununua.

mzee_wa_spana
Chukua mtumba, usipoteze muda. Turbo aina ya TD04 ya Japani iliyotolewa kwenye gari lenye kilomita chache inaishinda mpya yoyote ya bei hiyo. Nenda mwenyewe Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar, zungusha kwa kidole, chagua.

mpanda_kitonga
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Ni SG5 ya 2004, injini EJ205, automatiki. Taa haijawaka na mashine haikusoma kosa lolote. Haina moshi, oili haipungui. Haikati, ni nzito tu, ukikanyaga mpaka mwisho inapanda taratibu kama gari lisilo na turbo. Kuna geji ya presha ya turbo niliikuta imefungwa na mwenye gari wa kwanza, zamani ilikuwa inafika 0.8, sasa inasimama 0.5 na haisogei hapo. Turbo haijafunguliwa, fundi aliisikiliza tu.

nairobi_boxer
Aliisikiliza! Ndugu, acha nikueleze yaliyonipata ndipo uamue.

Gari yangu ni SG5 kama yako. 2021 ilianza uzito huo huo. Fundi akasema turbo, nikanunua mtumba Kirinyaga Road, ikafungwa siku ile ile. Siku mbili tatu nikaona kama inavuta, kisha ikarudi vilevile. Wiki ya tatu nilikuwa napanda kutoka Mai Mahiu, nikasikia mlio kama king'ora cha ambulensi kwa mbali. Nikasogea kando niipishe. Hakuna ambulensi. Mlio ulikuwa unatoka kwa boneti yangu. Kidogo, moshi wa bluu ukafunika kioo cha nyuma na watoto wakaanza kukohoa.

Kufungua, shafti imekatika. Boliti inayoshika bomba la oili la turbo ina kichujio cha waya ndani, kidogo kama punje ya mahindi. Changu kilikuwa kimeziba kwa masizi magumu kama lami, hata hewa ya mdomo haikupita. Turbo ilikuwa inazunguka bila oili, kwa hivyo hata ningefunga mpya ya dukani ingekufa tu. Na ule uzito wa mwanzo? Mpira mkubwa wa hewa unaopita chini ya manifoldi ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali jicho halifiki. Turbo yangu ya kwanza ilikuwa nzima, na nilishaiacha kwa gereji kama chuma chakavu. Mpaka leo ikinijia hiyo siku roho inaniuma.

mzee_wa_spana
Pole sana. Lakini kosa hapo ni la kichujio, si la mtumba.

nairobi_boxer
Ndiyo maana nasema mzee, usinunue kabla hujajua kilichoua ya kwanza.

bomba_chuma
Mpanda, hiyo 0.5 isiyosogea imenishtua. Turbo yenyewe ikifa, geji huyumba au haifiki kabisa. Ikisimama palepale kila mara, mara nyingi hiyo ni nguvu ya springi ya aktueta (kifaa kinachodhibiti presha ya turbo) peke yake. Yaani turbo inasukuma vizuri, ila kompyuta imeshindwa kuomba zaidi.

Mfumo wenyewe ni hivi. Presha inatoka kwenye turbo kwa mpira mdogo, inafika kwenye kiungo cha T. Tawi moja linakwenda kwenye aktueta inayofungua westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ili turbo isizidi kuzunguka), la pili kwenye solenoidi (valvu ya umeme). Kompyuta ikitaka presha ipande, solenoidi inamwaga sehemu ya hewa hiyo, aktueta inapata hewa kidogo, westigeti inachelewa kufunguka. Sasa, ndani ya ule mpira unaotoka kwenye turbo kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu kama la sindano, cha kubana hewa. Kikikosekana, hewa inaingia nyingi kuliko solenoidi inavyoweza kumwaga, na presha inabaki ya springi. Taa nayo haiwaki, kwa sababu kosa la presha ya turbo, namba P0244, kwenye injini hii huja presha ikizidi, haiji ikipungua.

Kuna mtu amegusa mipira hiyo karibuni?

mpanda_kitonga
Aisee. Wiki tatu zilizopita nilibadilisha gasketi za kava za valvu kwenye gereji nyingine. Waliniambia mipira midogo imekakamaa, wakaweka mipya ya silikoni ya bluu yote. Uzito ulianza baada ya hapo, sikuwahi kuyaunganisha mambo haya mawili.

Zainabu_XT
Hili ungelianza nalo ndugu yangu! Mipira ya zamani iko wapi?

mpanda_kitonga
Walinirudishia kwenye mfuko, uko stoo. Ngoja nikatafute.

kijana_wa_legacy
Jamani na mimi Legacy yangu tangu nifunge valvu ya kutoa hewa nje inanuka petroli nikibadili gia, itakuwa ni hiyo pia?

bomba_chuma
Hapana. Hewa hiyo imeshapimwa na sensa, kompyuta imeshaitolea petroli yake, wewe ukaimwaga nje. Rudisha ya kiwandani.

mzee_wa_spana
Bado katalitiki (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) inaweza kuwa imeziba, au solenoidi yenyewe imekufa. Msimpe mtu matumaini kwa kipande cha shaba.

bomba_chuma
Hoja yako ya haki mzee. Solenoidi ichomolewe, ipewe umeme wa betri, isikilizwe kama inagonga. Ila fundi asije akakuziba mpira wa aktueta ili gari "liamke". Presha itapanda bila mtu wa kuizuia, na pistoni za EJ hazivumilii hilo.

mpanda_kitonga
Nimerudi. Mipira ipo tisa, imekakamaa kama fimbo. Nimeiminya mmoja mmoja kwa vidole. Mmoja mfupi, katikati kuna kitu kigumu kama ushanga, nikiuelekeza kwenye taa naona kitundu kidogo sana. Una alama ya rangi ya njano kwa nje.

Shida ni kwamba nilishatanguliza laki moja ya turbo.

nairobi_boxer
Pigia huyo fundi usiku huu huu. Na kichujio cha oili kifunguliwe hata kama turbo ni nzima.

Zainabu_XT
Rudishia mpira huo kesho, uende barabara tupu uangalie geji. Ikibaki 0.5 ahirisha safari, mlima Kitonga na watoto ndani si mahali pa kujaribia gari.

mzee_wa_spana
Unaweka oili gani humo, 5W-30 au 20W-50?

mpanda_kitonga
20W-50 mzee. Kwani ina tatizo?

Zainabu_XT
Kwa turbo? Nani alikushauri hiyo?

mzee_wa_spana
Kwa joto la Dar haina tatizo lolote, nimeitumia miaka mingi.

bomba_chuma
Mzee, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, oili nzito hiyo inachukua muda gani kufika kwenye turbo?