Nimeacha wanga wote, mizani imegoma. Nakosea wapi?

Kiuno_Wima (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Mwanamke, miaka 34, urefu sm 163, uzito kilo 82. Nataka kupunguza mafuta mwilini, hasa tumboni, bila dawa. Nimekata wanga wote na asubuhi sili. Mwanzoni kilo ziliporomoka, sasa mizani haisogei, na usiku njaa inanishika mpaka nakula chochote kilichopo. Sina kisukari, si mjamzito wala sinyonyeshi. Nirekebishe nini?

Jiko_Dogo
Dada, kilichoporomoka mwanzoni kilikuwa maji zaidi kuliko mafuta. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu hushikilia takriban gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, maji yake yanatoka kwa mkojo.

Sasa piga hesabu. Kwa mwanamke: (uzito kwa kilo × 10) + (urefu kwa sm × 6.25) − (umri × 5) − 161. Kwako ni karibu kalori 1,508, yaani zile ambazo mwili unatumia hata ukilala kutwa. Kama kazi yako ni ya kukaa na unatembea kiasi, zidisha kwa 1.4, unapata 2,100 hivi. Toa 500, lenga 1,600. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina karibu kalori 7,700, kwa hiyo tegemea kama nusu kilo kwa wiki, na kasi itapungua kadiri unavyopungua. Rudia hesabu kila ukishuka kilo 5.

Usijibane zaidi ya hapo kwa pupa. Ukishuka haraka mno unapoteza na misuli, na hatari ya kupata mawe kwenye mfuko wa nyongo inaongezeka.

Limau_Asubuhi
Kunywa maji moto na limau kabla ya kula, linayeyusha mafuta ya tumbo.

Jiko_Dogo
Haliyeyushi kitu. Na hakuna chakula kinachochagua tumbo. Mwili wenyewe ndio unaoamua utoe mafuta wapi kwanza.

Kijiko_Kimoja
Mimi nashuku sufuria yako. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, aina yoyote, ni kama kalori 120. Ukimimina kutoka kwenye chupa, vijiko vinne vinapita bila kuviona, hizo ni 480, na ule upungufu wa siku umeshaliwa kabla hujapakua. Mafuta ya zeituni nayo yamo humo humo, sifa zake kwa moyo hazipunguzi kalori. Pima kwa kijiko, kimoja kwa kila mlaji kinatosha, na kitunguu kikianza kushika chini ongeza maji kidogo badala ya mafuta.

Angalia pia unachokunywa. Soda ya ml 330 ina takriban gramu 35 za sukari, na juisi ya matunda halisi haijaachana nayo mbali. Vinywaji havishibishi kama chakula cha kutafuna, ndiyo maana kalori zake huwa zinaongezeka juu ya mlo badala ya kuchukua nafasi yake. Kula tunda zima.

Sahani_Nusu
Njaa ya usiku inatengenezwa mchana. Kutokula asubuhi si kosa kwa yule anayeweza kutulia hadi mlo unaofuata; wewe kalori unazirudisha zote usiku, kwa hiyo kula.

Lenga karibu gramu 100 za protini kwa siku, zigawe milo mitatu. Gramu 100 za kuku aliyepikwa, bila ngozi, zina kama 30. Yai kubwa lina 6. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Protini inashibisha, na inalinda misuli wakati kalori zimepungua.

Wanga urudishe, ila kwa kipimo: nusu ya sahani mboga, robo protini, robo wanga. Maharage na nafaka zisizokobolewa zinakupa nyuzinyuzi, nazo hukaa tumboni muda mrefu zaidi.

Mizani: panda asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, kisha linganisha wastani wa wiki na wa wiki iliyotangulia. Chumvi nyingi au siku zinazokaribia hedhi zinaweza kuongeza kilo moja au mbili za maji tu. Kiuno kipime katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya nyonga, ukishatoa pumzi.

Wengine mnaosoma: mwenye kisukari anayetumia insulini asipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka vibaya.

Kiuno_Wima
Asanteni sana. Mchele naupima mbichi au ukishaiva?

Kijiko_Kimoja
Popote unapopima, soma kalori za hali hiyo hiyo. Gramu 100 za mchele mkavu ni kama kalori 360. Gramu 100 za wali ulioiva ni kama 130, maana umenyonya maji. Ukipima mkavu ukaandika kalori za wali, umejipunja hesabu karibu mara tatu. Kama unapikia familia nzima, pima wali wako ukishapakuliwa.