Perege wanahema alfajiri: na mtoni Pangani ni hivyo hivyo?

Mama Perege, Moshi: Habari zenu. Nina bwawa Pasua. Jana alfajiri nimekuta perege wote juu, midomo wazi, wanahema. Saa nne wakawa wametulia. Shemeji yangu anavua Pangani, pale bahari inapopanda mtoni, anasema joto likizidi naye huyaona haya. Ni jambo moja?

Fundi Mabwawa, Arusha: Pole dada. Chanzo kimoja ni hicho hicho, joto. Maji ya mtoni yasiyo na chumvi yakiwa na joto la nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika 30 ni 7.5 hivi. Na samaki kwenye joto huhitaji zaidi! Usiku mwani, ule ukijani wa majini, hautoi oksijeni, unaivuta tu, ndiyo maana alfajiri ndiyo mbaya.

Pangani kuna na chumvi. Maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko yasiyo na chumvi. Mto ukipungua kwa ukame, au bahari ikipanda, chumvi huingia ndani zaidi, na kwa kuwa ni nzito hulala chini. Hewa ya juu inashindwa kufika huko.

Mama Perege: Kumbe! Na mto wenyewe unatoka kwetu huku, Kilimanjaro na Meru. Mto tukiukausha huku, shemeji anaumia kule. Imeniuma kweli. Sasa usiku wa leo nifanyeje?

Fundi Mabwawa: Jioni usiwalishe. Ingiza maji mapya yakidondoka toka juu, yachanganyike na hewa. Anza saa tisa usiku, usingoje wapande.