"Kisu Mkononi": ni shairi, au ni guni?

Wadau, nimechoka kusikia kwamba mshairi Euphrase Kezilahabi hakujua kutunga. Ametutoka tangu Januari 2020, na bado kesi yake haijafungwa. Tangu diwani yake Kichomi itoke mwaka 1974, wanamapokeo, watetezi wa kanuni za kale, wanashikilia kwamba tungo zisizo na urari wa vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (idadi ya silabi) ni guni, yaani shairi lenye kasoro, nathari iliyokatwakatwa. Hofu yao naielewa. Siku hizi mtu huandika sentensi ya kawaida, akaivunja mara tatu, akaiita shairi. Lakini makosa ya hao asibebeshwe Kezilahabi, mwana wa Ukerewe.

Chukueni shairi lake "Kisu Mkononi", lililomo katika Kichomi. Mtu yuko peke yake na kisu, anapima kuishi na kufa. Mshororo wa kwanza: "Wakati miaka inaibwa mmoja mmoja". Hesabuni mizani kwa vidole. Ni 16 kamili, sawa na shairi la gazetini! Ila ukitaka kuugawa nane kwa nane, unalikata neno "inaibwa" katikati: "ina" inabaki ukwapi (nusu ya kwanza), "ibwa" inaangukia utao (nusu ya pili). Mizani ipo, pa kupumzikia hapapo. Kisha hata hesabu inavunjika, kwa kuwa msemaji anajiviringisha kama gurudumu kwenye mteremko mkali, na mishororo inarefuka na kufupika kadiri pumzi yake inavyokwenda. Huko si kushindwa kuhesabu.

Najua nitajibiwa kwa mshairi Abdilatif Abdalla. Diwani yake Sauti ya Dhiki ilitoka 1973, mashairi aliyoyatunga akiwa mfungwa wa kisiasa Kenya, na vina vyake havikuupunguza uchungu hata chembe. Kweli tupu, nami nampenda sana. Lakini sikilizeni shairi lake "N'shishiyelo ni lilo" (ninaloshikilia ni lile lile): ni mtu anayewaambia wengine kwamba msimamo wake haachi. Ana anaosema nao. Hiyo ndiyo kazi ya arudhi yetu, kanuni za ushairi, tangu enzi za mshairi Muyaka kule Mombasa: unautupa ubeti ukijua yupo wa kuudaka, akujibu kwa vina vile vile. Bila mwenzako upande wa pili hakuna malumbano, kujibizana kwa mashairi.

Mwenye kisu hana mwenzake. Ukimpa vina umempa baraza, na mtu aliyezungukwa na baraza hakai na kisu usiku kucha akijiuliza maswali. Kwa hiyo kukosekana kwa vina katika shairi hili ndiko upweke wenyewe. Kezilahabi alisema wazi katika utangulizi wa Kichomi kwamba anataka lugha ya mazungumzo ya kila siku iingie kwenye ushairi, na hapa mazungumzo hayo ni ya mtu na nafsi yake.

Anayeshikilia kwamba ni guni, naomba asiniletee sheria za kutunga mashairi za Amri Abedi za mwaka 1954. Nimezisoma na naziheshimu. Aniandikie mshororo ule mmoja tu upya, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho viwepo, tuone kama miaka bado inaibwa.