Mjadala: Jumamosi ya maktaba ni ya nani, watoto na cherehani au wenye mitihani?

Kona ya Dirisha (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nimekaa na hoja hii tangu Jumamosi, leo naitua hapa. Nusura watu washikane mashati mbele ya kaunta ya maktaba yetu ya mkoa. Mkoa gani, tuache. Wanaoijua wataitambua kwa mwembe ulioko nje.

Iko hivi. Mkutubi mpya alipoingia alianzisha mambo matatu kila Jumamosi. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, hadithi za watoto. Kuanzia hapo mpaka saa saba, darasa la kompyuta kwa wazee na akina mama wa vikoba. Mchana fundi cherehani anafundisha mabinti kukata na kushona barazani. Ukumbi ni mmoja tu, kwa hiyo makabati ya vitabu yamesogezwa, ndiyo ukuta wenyewe.

Sasa siku hiyo msimulizi kaanza: "Paukwa!" Watoto thelathini na kitu wakajibu "Pakawa!" kwa sauti ya kuezua bati. Upande wa pili wa kabati kijana mmoja akakibamiza mezani kitabu chake cha ukaguzi wa hesabu, akanyanyuka, akaelekea kaunta na wenzake sita nyuma yake. Wanachotaka: hadithi zihamie shule ya msingi ya jirani, cherehani zirudi kwa fundi, kompyuta ziende huko zinakolipiwa kwa saa. Tangu Jumatatu wanazungusha karatasi ya sahihi, na nasikia imeshajaa kurasa mbili.

Mimi nasimama upande wa watoto, na si kwa huruma. Siku ile nilizunguka meza zote (kiherehere changu, nakiri) nikahesabu watu 41 upande wa kimya. Waliokuwa na kitabu cha maktaba mbele yao ni 3. Waliobaki walikuja na vitini vyao, laptopu zao, mmoja hadi na ekstensheni yake. Hawa wamefuata kiti, soketi na utulivu. Ni haja halali kabisa. Lakini ikiwa hiyo ndiyo haja pekee tunayoihudumia, basi mtu asiye na mtihani hana la kumvusha mlango ule, wakati jengo limejengwa kwa kodi yake pia.

Karibuni. Matusi hapana.

CPA Mtarajiwa

Kijana aliyebamiza kitabu ni mimi. Naomba radhi kwa kubamiza. Hoja sifuti.

Mleta mada, nahisi unaishi nyumba yenye geti. Mimi nimepanga chumba kimoja. Kulia kwangu kuna jirani mwenye spika ya singeli, kushoto kuna mtoto mchanga, mbele ya dirisha kuna banda la kuonyesha mpira. Luku tunachangishana kaya sita. Nikiwasha taa saa nane za usiku, asubuhi nasemwa uani na mwenye nyumba kana kwamba nimeiba kuku. Mitihani ya bodi ya wahasibu ni Mei na Novemba. Nimeshapeleka jina. Saa mbili na nusu asubuhi nakuwa mlangoni ili niwahi kiti, maana saa tatu na robo vimeshaisha.

Umehesabu vitabu vilivyo mbele yetu ukatuona wapangaji. Kwa nini hukwenda kuhesabu vilivyoko rafuni? Kitabu cha kodi nilichokikuta pale kimechapwa kabla ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Na hata hiyo ya 2004, kila mwaka Sheria ya Fedha inapita inaikata hapa, inaishona pale. Nikijibu swali kwa kitabu kile nafeli kwa adabu zote. Ndiyo maana tunakuja na vitini.

Halafu haya mambo mnayaiga. Kule Berkeley, Marekani, maktaba ya umma inaazimisha hadi nyundo na misumeno, tangu 1979. Safi kabisa, wana vitabu vya kutosha na majengo ya kutosha. Sisi hatuna kimya cha saa nne mfululizo, tunataka cherehani.

Bando la Wiki

Mnagombea jengo mwaka huu? Kila kitu kipo kwenye simu.

Kona ya Dirisha

@Bando la Wiki, jina lako limeshakujibu. Likiisha Alhamisi utakuja kuomba waifai ya maktaba.

@CPA Mtarajiwa, kuhusu geti umekosea, ninaishi uswahilini kama wewe. Tofauti ni kwamba mimi sina mtihani. Kuhusu rafu, hapo umenishika.

Mama Pacha

Habarini za humu. Mimi si mwandishi, mtanivumilia.

Ni mmoja wa hao akina mama wa vikoba. Niliishia darasa la saba. Nimepita mbele ya jengo lile miaka kumi na moja na beseni la vitumbua, nikijua ni ofisi ya serikali ya watu wenye tai. Siku ya kwanza naingia, mlinzi akaniuliza, "Mama, unampelekea nani?" Alidhani nimeleta oda. Nikamwambia nimekuja darasani. Akaniangalia, akaomba kitambulisho. Nikampa. Akakirudisha, akakiomba tena. Sikumlaumu, hajawahi kumwona mtu wa aina yangu pale akija kwa shida yake mwenyewe.

Kikoba chetu kina wanachama 28. Zamani hesabu zilikuwa kwenye daftari moja la kaunta buku, likikaa kwa mweka hazina. Alipofiwa akasafiri nalo wiki tatu, hakuna aliyejua nani anadaiwa nini, na ugomvi wa siku zile mpaka leo kuna watu hawasalimiani. Sasa tunaziweka kwenye jedwali la kompyuta, na nakala natumiwa kwenye simu.

Na niseme ukweli. Mwalimu alipotufundisha mara ya kwanza sikuelewa kitu. Aliyenionyesha namna ya kujumlisha safu nzima kwa mara moja ni mmoja wa hao wenye vitini. Alipita kuchukua chaja yake akaniona nahangaika na kikokotoo cha simu, namba moja moja, huku nikiandika majibu mkononi kwa peni. Akacheka, akainama, akabonyeza. Sijui jina lake.

Kwa hiyo hao vijana si wabaya. Ila wanangu, mkishinda hiyo karatasi yenu ya sahihi, mimi mnanirudisha nje.

Mkutubi Mstaafu

Nimefanya kazi za maktaba hadi nikastaafu, nimeona ugomvi huu kwa sura nyingi. Hapo kwenye "mnaiga" ndipo pameniamsha.

Kijana, Bodi ya maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, nchi ikiwa na miaka miwili. Maktaba Kuu pale Dar es Salaam, Barabara ya Bibi Titi Mohamed ya leo, Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, miezi kumi baada ya Azimio la Arusha. Kwa nini siku ile, wakati walio wengi nchini hawakujua kusoma? Kwa sababu maktaba haikudhamiriwa kuwa ya waliokwisha kusoma tu. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 wakakaa kwenye vikundi, wanasikiliza kipindi redioni, wanasoma kitabu chake kwa sauti, wanajadiliana, kisha wanaondoka kwenda kuchimba choo. Hiyo ndiyo mnayoita leo "programu za jamii". Hakuna aliyeitoa Berkeley.

Zikaja na maktaba za vijiji. Nisizipambe. Nyingi zilikuwa kabati tu, kwenye ofisi ya kijiji au shuleni, na funguo anatembea nazo mwalimu mkuu. Vitabu vikaisha kwa mchwa na kuazimwa bila kurudi, vipya havikuja, kabati likageuka la kuwekea vikombe vya ofisi. Shughuli bila vitabu vipya hudumu kwa muda mfupi, na hapa namuunga mkono mhasibu wetu mtarajiwa kwa mikono miwili. Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma, tangu ile ya 1949 mpaka toleo la 2022, haijawahi kuzitenganisha kazi hizo mbili, shughuli na vitabu.

Lakini kwenye kisa chenu, ugomvi mnauelekeza kusiko. Kabati la vitabu halizuii sauti, hata lingejaa ensaiklopedia. Kila maktaba niliyopitia ilikuwa na chumba cha nyuma kilichojaa viti vibovu, mashine ya chapa iliyokufa na magazeti yaliyofungwa kamba. Havitupwi kwa sababu ni mali ya serikali, vinasubiri kibali cha kufutwa kwenye daftari la mali, na kibali kina mwendo wa kobe. Mmeshauliza chumba hicho kwenu kiko wapi?

Jirani wa Nairobi

Hamjambo ndugu zangu wa upande wa pili. Mjadala huu tunao hata huku, na una utamu wake.

Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maktaba. Soma orodha yenyewe ilivyopangwa: kamari na kasino, mbio, leseni za pombe, sinema, kukodisha video, ndipo maktaba. Yaani kwa aliyeandika, maktaba na kasino ni jamaa wa boma moja. Mimi hucheka kila nikiisoma, halafu nakumbuka bajeti za kaunti na kicheko kinakauka.

Maktaba ya McMillan hapa Nairobi, ile yenye simba wawili mlangoni karibu na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa 1931, na kwa zaidi ya miaka 25 ilikuwa ya Wazungu pekee. Kimya kilikuwa kingi sana humo ndani. Kwa hiyo mtu akiniambia maktaba ni kimya, swali langu huwa ni nani ameachwa nje ili kimya hicho kipatikane. Mama Pacha amelijibu vizuri kuliko mimi.

Matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara, yalikarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa makubaliano na kaunti. Watoto wa mtaa wanaingia wanacheza, wanasoma, wanasikiliza hadithi. Napenda. Ila nawaachia swali moja gumu: hizo kompyuta na cherehani zenu zimenunuliwa na nani? Kama ni mfadhili, siku akifunga mkoba wake nani atalipa stima na fundi? Kule Garissa ngamia wamebeba vitabu kuwafuata wafugaji tangu 1996, na hata ngamia anataka mchungaji anayelipwa mshahara.

CPA Mtarajiwa

Mzee wangu, shikamoo. Mtu ni Afya nimeisikia kwa bibi, sikujua idadi ilikuwa kubwa hivyo. Neno "mnaiga" nalirudisha.

Mama Pacha, kwanza samahani. Pili, nadhani hiyo chaja ilikuwa ya rafiki yangu, maana mimi chaja yangu haitoki mfukoni.

Hata hivyo, wakuu, tusimalizane kwa kusifiana. Jirani wa Nairobi anauliza nani ameachwa nje ili kimya kipatikane. Sawa. Na mimi nauliza kinyume chake: watoto wakipewa asubuhi na kompyuta zikapewa mchana, sisi wa chumba kimoja twende wapi? Mtoto ana shule, ana uwanja, ana baraza la nyumbani, na hadithi inasimuliwa hata chini ya mwembe. Ukaguzi wa hesabu hausomeki chini ya mwembe, karatasi zinapeperuka. Masharti yangu ni mawili. Oktoba yote na nusu ya Novemba, ambapo na kidato cha nne wanaingia mitihani, ukumbi ubaki kimya siku nzima. Aprili na Mei vilevile. Miezi mingine hadithi ziwe saa mbili tu na ziishe kwa saa ya ukutani, si kwa saa ya msimulizi. Mkikubali hayo, naifuta sahihi yangu.

Kona ya Dirisha

La pili nakubali. La kwanza bado nakataa: ukiwaondoa akina mama karibu miezi minne kwa mwaka, wa tano hawarudi. Mtu aliyeulizwa "unampelekea nani?" hahitaji kufukuzwa mara mbili.

Kuhusu swali la Jirani, nimeuliza. Kompyuta ni za msaada, nane, tatu zimeshagoma. Cherehani ni za fundi mwenyewe, anakuja nazo kwa mkokoteni. Mshahara wake Jumamosi ni chai.

Na ule ushauri wa Mkutubi Mstaafu niliufanyia kazi leo mchana. Chumba kipo, nyuma ya vyoo, kipana kuliko sebule yangu mara tatu. Nilichungulia kwa tundu la dirisha: viti vimepandana hadi darini, kuna globu isiyo na Afrika, imebanduka, na rundo la magazeti ya enzi za chama kimoja. Madirisha mawili makubwa, feni moja juu. Watoto arobaini wanaenea na sauti haifiki ukumbini, nilimwacha mlinzi anaimba huko nikaenda kusikiliza kwenye meza ya CPA.

Mkutubi anasema yuko tayari kesho. Funguo ziko kwa afisa ugavi, na afisa ugavi yuko likizo mpaka tarehe 20.