Donati za kizamani hazipasuki, zinatoka laini na nyeusi. Tatizo ni nini?

Moto_wa_Kati aliandika:

Wakuu, habari za wikendi. Naomba msaada kwa wale mnaokaanga nyumbani.

Naitafuta ile donati ya kizamani, siyo ile ya hamira inayotuna na kuwa nyepesi. Nazungumzia ile nzito kidogo, yenye mipasuko kuzunguka upande wa juu, ganda linalolia ukiling'ata, na shira iliyoingia kwenye nyufa ikakauka humo. Hiyo ndiyo naililia.

Yangu inatoka na uso laini kabisa, haina hata ufa. Rangi inawahi mno: nje imeshakuwa kahawia ya kutisha, ukiikata katikati kuna ubichi. Nikapunguza moto, ikaiva ndani, lakini ukiibonyeza mafuta yanachuruzika vidoleni.

Ninachotumia: unga wa ngano wa kawaida vikombe viwili na robo, sukari nusu kikombe, yai zima moja, siagi kidogo iliyoyeyushwa, mtindi nusu kikombe, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, na beking soda kijiko cha chai kizima, maana nilisoma mahali kuwa mtindi lazima uende na soda. Nakanda mpaka donge linakuwa nyororo, nasukuma, nakata, nakaanga hapo hapo. Moto "wa kati", kama mapishi yote yanavyosema, na hakuna hata moja linalosema kati ya wapi na wapi. Kipimajoto sina.

Tafadhali msinitume kwenye video. Zote zinakata pale pale penye utamu: donati inazama mbichi, ghafla tunaonyeshwa imeshapasuka na muziki unapiga.

---

BiKungumanga alijibu:

Nimekaanga donati kwa mshahara miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikiwa mkali kidogo.

Tuanze na hiyo soda, maana ndiyo inayokuchafulia rangi. Nusu kikombe cha mtindi kinahitaji robo kijiko cha chai tu cha beking soda kumaliza uchachu wake. Wewe umeweka mara nne ya hapo. Inayobaki haina asidi ya kupambana nayo, inalifanya donge kuwa na alikali, na donge la namna hiyo linakimbilia kahawia kabla ndani hakujapata habari. Ukitafuna taratibu utasikia pia kaladha ka sabuni. Itoe yote. Beking pauda uliyoweka inatosha, na uchachu kidogo wa mtindi uuache ubaki, ndio unaoifanya donati hii isiwe keki tu iliyokaangwa.

La pili ni kukanda. Hapa hatukandi! Ukikanda unajenga gluteni, ule utando wa protini ya ngano, na gluteni inavutika. Uso unaovutika hutanuka pamoja na kinachoumuka ndani, haupasuki. Ndiyo maana donati zako ni laini. Changanya kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, basi. Donge la kweli la donati hizi linakera mkononi: linanata, lina mabonge, unatamani kuliongeza unga. Usiliongeze.

Badala yake lifunike uliweke kwenye friji, saa moja kwa uchache, na likilala usiku kucha ni bora zaidi. Humo unga unakunywa majimaji, siagi inaganda, na lile donge lililokuwa linakuganda vidoleni unalisukuma kwa unga kidogo sana wa kunyunyiza.

Vipimo vyangu, kwa gramu, maana kikombe cha unga kinategemea aliyekijaza: unga 260, sukari 100, siagi laini 30, viini vya mayai viwili (ute weka pembeni, unakausha), krimu chachu 130, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kijiko cha chai kasoro kidogo, na kungumanga ya kukwaruza papo hapo, nusu kijiko cha chai. Kama krimu chachu huna, chuja mtindi kwenye kitambaa mpaka uwe mzito usiomwagika. Mtindi wa majimaji kama ulivyo unalilegeza donge. Na kama unga wako ni wa kawaida, toa vijiko vya chakula vinne na nusu, rudisha kiasi hicho hicho cha kona flawa, uchekeche pamoja. Unga laini wa keki una protini chache, na hapo tunauiga. Saga kwanza siagi na sukari, kisha viini, kisha unga na krimu kwa zamu.

Sasa kukaanga, ile sehemu wanayoikata kwenye video.

Donati za hamira hupenda mafuta ya nyuzi 180 hadi 190. Hizi hapana. Hizi ni 165, zisizidi 170. Sukuma donge unene wa sentimita moja na robo, kata, halafu chukua brashi kavu upanguse unga wote wa juu. Tumbukiza. Itazama chini, usiiguse. Ikipanda yenyewe, hesabu sekunde kumi na tano hivi, kisha igeuze. Huu mgeuzo wa mapema ndio siri yote. Upande uliotangulia kugusa mafuta umeshapata ngozi nyembamba tu, na sasa uko juu, hewani, wakati gesi na mvuke vinaendelea kusukuma kutoka ndani. Ngozi inashindwa kuvumilia. Tazama kwa makini: unaanza mstari mmoja mweupe kuzunguka tundu, unapanuka, kisha kingo zinainuka kama petali na ndani unaona unga mbichi wenye chembechembe. Uache upande wa chini uive, kama sekunde themanini. Ndipo unageuza mara ya pili ili zile nyufa nazo ziingie kwenye mafuta na kukauka, dakika moja na kidogo. Ule ukingo mgumu unaolia ukiung'ata unapatikana hapo.

Ukisubiri upande wa kwanza uive kabisa ndipo ugeuze mara moja tu, ngozi imeshakuwa ganda, na gesi itatafuta njia ubavuni. Utapata donati yenye kigongo.

---

Fundi Karai alijibu:

Bi Kungumanga kamaliza mambo ya donge. Mimi niongezee mafuta, maana mleta mada kalalamika yanachuruzika.

Watu wengi wanaamini donati inakunywa mafuta ikiwa ndani ya mafuta. Sehemu kubwa inayanywa ikishatoka. Ikiwa sufuriani, mvuke unatoka kwa nguvu na kuyasukuma mafuta nje. Yale mapovu unayoyaona ni maji yanayotoka. Ukiiopoa, mvuke wa ndani unapoa na kujikunja, na yale mafuta yaliyobaki juu ya ngozi yanafyonzwa kuingia. Kwa hiyo ukiopoa, ishikilie juu ya sufuria kwa kijiko cha matundu, itikise, ilaze kwenye wavu upande huu kisha ule. Usizirundike kwenye sahani juu ya karatasi moja iliyokwisha lowa. Hapo zinaogeleana.

Mafuta yakiwa baridi mno nayo ni tatizo: mapovu yanakuwa legelege na donati inakaa humo muda mrefu ikilainika. Ndicho kilichokupata ulipopunguza moto bila kujua umefika wapi. Kaanga tatu kwa mara moja, zisizidi nne. Donge limetoka kwenye friji, kila kipande kinashusha joto; ukijaza sufuria utajikuta 145 bila taarifa. Na subiri mafuta yapande tena kabla ya awamu inayofuata. Watu hawasubiri.

Tumia sufuria nzito, mafuta kina cha sentimita tano au zaidi, ila yasipite nusu ya sufuria. Mafuta yasiyo na harufu yake. Ukitumia mafuta ya kuganda, donati ikipoa mikono haitateleza sana, kwa sababu yanaganda tena juu yake. Wengine hawapendi yanavyobaki kwenye kaakaa, mimi nikiwemo.

Yakishika moto: zima jiko, funika kwa mfuniko wa chuma, usiisogeze sufuria, na maji usiyalete hata karibu.

---

Moto_wa_Kati aliandika:

Bi Kungumanga shikamoo, na asante. Hakuna aliyewahi kuniambia nigeuze mapema. Kila mahali ni "kaanga mpaka iwe ya dhahabu, geuza".

Donge liko kwenye friji tangu mchana, bila soda. Maswali mawili. Kipimajoto nitanunua, lakini leo sina. Naweza kutumia ile njia ya kipande cha mkate? Na shira: yangu inabaki inanata siku nzima, haikauki ikawa ile ngozi ya kupasuka.

---

BiKungumanga alijibu:

Marahaba.

Mkate unasema jambo moja tu: kipande kidogo cha mraba kikiwa cha dhahabu kwa kama dakika moja, uko kwenye 180 hivi. Wewe unataka chini ya hapo, kwa hiyo kichelewe kuliko dakika. Kwa donati za hamira ningekuambia inatosha. Kwa hizi ambazo nyuzi kumi zinaamua kama utapata nyufa au tope, ni kubahatisha. Kwa leo fanya hivi: kata donati moja ya kafara, ikaange peke yake, hesabu muda. Ikipanda juu kwa sekunde chache mno na kingo zikawa kahawia kabla hujaigeuza mara ya kwanza, moto umezidi. Ikilala chini ikakawia na mapovu yakawa madogo ya uvivu, ongeza. Ikipasuka baada ya mgeuzo wa kwanza, usiguse kitasa cha jiko tena isipokuwa kwa robo robo.

Shira namwachia SukariGuru, maana najua yuko hapa anasoma.

---

SukariGuru alijibu:

Niko.

Shira ya kukauka si ya kuchemsha sukari, ni ya sukari ya unga. Gramu 400 za sukari ya unga uliyoichekecha, maji ya moto sana kama theluthi moja ya kikombe, chumvi kidogo, vanila. Anza na maji pungufu uongeze kwa matone. Unataka itiririke kutoka kwenye kijiko kwa utepe unaotoweka baada ya muda mfupi. Ikiwa nyepesi kama maziwa, maji ni mengi, na ndiyo maana yako inanata siku nzima. Kijiko kidogo cha sharubati ya glukosi kinaipa mng'ao na kuizuia isiwe ya chengachenga.

Wakati ndio wenye kazi kubwa. Chovya donati ikiwa bado ya moto lakini unaweza kuishika, upande wenye nyufa ukiwa chini, itoe, igeuze, ilaze kwenye wavu. Joto lake linaifanya shira iwe nyembamba iingie kwenye kila ufa, kisha maji yanaruka na kubaki ngozi. Ukichovya donati baridi, shira inakaa juu juu, nene, na inamenyeka kwa vipande. Ipe dakika ishirini bila kuishika. Najua.

Na usizifungie kwenye chombo cha plastiki zikiwa na uvuguvugu. Unyevu unatoka ndani, unaiyeyusha shira, asubuhi unakuta donati zimelia. Siku ile ile ndiyo siku yake. Ukitaka za kesho, lilaze donge usiku badala ya donati.

Kuhusu tundu, kwa wapenda hadithi: nahodha mmoja wa Marekani, Hanson Gregory, alidai kulibuni mwaka 1847 kwa sababu katikati ya donati palikuwa hapaivi. Kama ni yeye kweli ama la, hoja yake ya jikoni ni sahihi. Kikata donati kilipata hataza Marekani mwaka 1872, kwa jina la John Blondel. Kwa hiyo mleta mada, kama tundu lako ni dogo kama la kifuniko cha chupa ya soda, lipanue. Ubichi wa katikati unaweza kuwa unatokea hapo pia, siyo kwenye moto peke yake.

---

Moto_wa_Kati aliandika:

Ya kafara imepasuka!! Upande mmoja zaidi ya mwingine, lakini imepasuka. Rangi ni ya asali, siyo ile nyeusi. Naikata sasa hivi, ndani imeiva, ina chembechembe kama keki na mafuta sikuyaona kidoleni.

Mbona upande mmoja umekataa?

---

Fundi Karai alijibu:

Unene. Umesukuma donge likawa nene huku na jembamba kule. Upande mwembamba unaiva kabla haujapata nguvu ya kupasuka. Weka vijiti viwili vya unene sawa kushoto na kulia ya donge, usukume juu yake.

---

Moto_wa_Kati aliandika:

Sawa mkuu. Na yale madonge ya katikati nikikata tundu, nayo nayageuza mara mbili?

---

BiKungumanga alijibu:

Hayo yanajigeuza yenyewe. Yakaange mwisho, yote pamoja, uyazungushe kwa kijiko bila kusimama, dakika moja na nusu hadi mbili. Mabaki ya kando usiyakande yakawa donge moja. Yabandike tu, yarudishe kwenye friji kidogo, sukuma mara moja zaidi. Hizo za mabaki zinapasuka vibaya vibaya, na kwangu ndizo zinazogombaniwa.