Nimepangiwa upande wa serikali kwenye mdahalo wa mgombea binafsi, nisaidieni

Wakuu, niko sheria mwaka wa tatu. Alhamisi tuna mdahalo, nimeokota karatasi imeandikwa "serikali". Moyoni naamini Mchungaji Mtikila, aliyefungua kesi kudai mtu aruhusiwe kugombea bila chama, alikuwa sahihi. Mahakama Kuu ilimpa ushindi 1994, Bunge likabadili Katiba, akarudi akashinda tena 2006! Nasimamaje kutetea Ibara ya 39 na 67 za Katiba, zinazotaka mgombea urais au ubunge awe mwanachama wa chama, bila kuchekwa? Jana kwenye mazoezi nilikwama dakika ya pili, jasho limeloanisha karatasi yote.

Jibu 1: Acha kutetea chama, tetea mamlaka. Soma Mahakama ya Rufani 2010, majaji saba. Walisema mahakama haiwezi kuifuta ibara ya Katiba yenyewe, hilo ni la Bunge. Hapo ndipo pa kusimama.

Jibu 2: Wapinzani watakuletea kesi ya Kesavananda, India 1973, majaji saba kwa sita: Bunge haliwezi kubadili muundo wa msingi wa Katiba. Jiandae.

Jibu 3: Na Arusha je? Mahakama ya Afrika Juni 2013 ilisema Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ukijifanya huijui, jaji atakumaliza.

Muuliza swali: Asanteni. Nitaitaja Arusha mwenyewe mapema, kisha niseme ile ilipima Mkataba, Rufani ilipima nani mwenye kalamu ya kurekebisha Katiba.

Jibu 1: Sawasawa. Ila kalamu isiwe na wino wa jasho, dada. Andika kwenye kadi ngumu.