Nimeuza mchoro, aliyeununua kauuza mara kumi na nne ya bei. Nina haki ya kununa?

Gumba la Kushoto:
Wakuu, naomba mnijibu kwanza, kunicheka baadaye.

Miaka minne iliyopita nilichora mikono ya mama akitunga uzi kwenye sindano. Turubai dogo, la kubeba kwapani. Gumba la kushoto lilinitesa: nilikwangua rangi kwa kisu mara saba, na mwanga ukilipiga kwa ubavu makovu unayaona mpaka leo. Nikamuuzia bwana mmoja anayependa kununua kazi za wachoraji wasiojulikana. Bei niliitaja mwenyewe, sikushikiwa bunduki. Nikalipa kodi ya miezi miwili.

Juzi rafiki kanitumia picha ya orodha ya mnada. Gumba lile lile! Limeuzwa mara kumi na nne ya nilichopata, na mimi hata salamu sikupewa. Jana bwana mwenyewe kapiga simu, kachangamka kweli: anataka mingine sita, "mikono ile ile, sindano ile ile, ila rangi zichangamke kidogo." Mama alishafariki.

Nina haki ya kununa, au niliuza yakaisha? Na hiyo sita nichore?

Mzee wa Hesabu:
Dada, uliuza. Mchoro ungeshuka thamani, ungemrudishia hela zake? Hasara ingekuwa yake, basi na faida yake. Pokea kazi, mteja wa michoro sita haokotwi njiani.

Fremu Tupu:
Mzee, hesabu yako imenyooka, lakini haya si mageni. Mwaka 1958 mkusanyaji wa sanaa Robert Scull alinunua kazi ya msanii wa Marekani Robert Rauschenberg kwa dola 900. Mwaka 1973 akaipeleka mnadani New York, ikaenda kwa dola 85,000. Rauschenberg alikuwepo, akamvaa Scull na kumsukuma mbele za watu. Scull akamjibu kwamba na yeye atafaidika, kazi zake zijazo zitapanda bei.

Tena hakusema uongo, na hapo ndipo pananikera. Kinachopanda bei ni ulichokwisha kufanya. Soko halijui utafanya nini kesho, kwa hiyo linakuomba jana yako, nakala sita. Dada, simu ya jana na mnada wa juzi ni habari moja.

Kalamu ya Risasi:
Niongezee upande wa karatasi, maana kununa hakulipi.

Ufaransa tangu 1920 inampa msanii sehemu kazi yake inapouzwa tena, na Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwa nchi zake zote mwaka 2001: asilimia 4 kwa euro 50,000 za kwanza za bei, kisha viwango vinashuka, na kwa mauzo mamoja huvuki euro 12,500. California ilijaribu asilimia 5 mwaka 1976, mahakama zikaja kuifyeka sheria hiyo karibu yote. Kwa hiyo angalia uliuzia wapi na mnada ulifanyika wapi.

Pasipo sheria kuna mkataba. Mwaka 1971 Seth Siegelaub, mwandaaji wa maonyesho ya sanaa, na wakili Robert Projansky waliandaa mkataba wa mfano unaompa msanii asilimia 15 ya faida kila kazi inapobadilisha mikono. Wanunuzi wengi waliukimbia, lakini wapo waliousaini.

Jingine: katika nchi nyingi, kuuza turubai si kuuza hakimiliki. Mnunuzi akitaka kuchapa ile mikono kwenye vikombe lazima aje kwako, labda kama ulisaini vinginevyo. Ulisaini nini?

Gumba la Kushoto:
Nimepekua droo nzima. Nilichosaini ni risiti ya mstari mmoja, nyuma nimejumlisha madeni yangu ya wakati ule. Hakimiliki haijatajwa popote.

Mzee wa Hesabu, ungeshuka nisingemrudishia kitu, hilo nakubali bila ubishi. Ila yeye bei yangu aliichukua kama nilivyoitaja, na leo anataka kunitajia mpaka rangi.

Nimempigia. Nimemwambia mikono ya mama basi, sindano basi. Nitamchorea miwili, chochote kitakachotoka, na asilimia 15 ya faida iandikwe. Kanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kasema atafikiria.

Nimeanza hata hivyo. Nachora mkono wangu mwenyewe, wa kushoto, kwa sababu wa kulia umeshika brashi. Gumba nimeshalikwangua mara mbili.